Unauza dakika: ninavyoendesha banda la gemu Ilomba

Watoto wa hapa Ilomba, Mbeya, wananiita Mama Pedi, kwa zile pedi za kuchezea gemu mkononi. Jina sikulichagua, na gemu lenyewe silijui. Ukinipa pedi sasa hivi nitajifunga goli mwenyewe. Banda lilikuwa la mdogo wangu wa kiume. Alipopata kibarua Tunduma akaniachia televisheni mbili za chogo, PS2 mbili (mashine za gemu, PlayStation), benchi moja na deni la kodi ya miezi miwili. "Dada, nishikie tu mpaka nirudi." Huu ni mwaka wa sita. Siku hizi hata akirudi simpi.

Karibu kila mwezi anakuja mtu, kijana aliyemaliza chuo au mama mwenzangu mwenye fremu tupu, ananiuliza, "Hii kazi inalipa?" Inalipa. Shida ni kwamba wote wanaanza na bei ya mashine. Mimi nawauliza swali lingine: dakika moja ya kwenye lile benchi utaiuza shilingi ngapi, na yenyewe inakugharimu ngapi? Gemu mtoto analo hata kwenye simu ya baba yake. Anachokuja kununua kwako ni dakika za kukaa na wenzake mbele ya kioo kikubwa, na ukishalielewa hilo, mengine yote ni kuzilinda hizo dakika.

Anza na mita, siyo na mashine

Kila mtu anaogopa umeme. Na mimi niliogopa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazima taa ya banda saa kumi na mbili jioni, watoto wanacheza gizani kama popo. Kumbe nilikuwa nabana mahali pasipo na hela.

Pima hivi. Nenda kwenye mita yako uangalie usoni pake. Kuna namba imefuatiwa na herufi imp/kWh. Yangu imeandikwa 1000, maana yake ile taa nyekundu ikikonyeza mara 1,000 umekula uniti moja. Zima kila kitu, hata taa, hata chaja ya simu. Washa televisheni moja na mashine moja, na mechi iwe inachezwa kweli, siyo mashine imekaa kwenye menyu. Weka dakika sita kwenye simu yako, simama pale uhesabu kukonyeza. Ukipata jumla, zidisha kwa kumi: hizo ndizo wati zako. Kama mita yako imeandikwa 1600, ukishazidisha kwa kumi gawanya kwa 1.6.

Nilifanya hivyo asubuhi ya Julai, nimejifunga khanga mbili juu ya sweta, natazama ukuta na midomo inahesabu. Jirani alipita akanisalimia, sikuitika. Akapita tena akiwa na mwenzake. Nadhani walijua nimerogwa.

PS3 nyembamba na televisheni bapa ya inchi 32: nilihesabu 12 na nusu hivi, yaani wati 125. PS2 na chogo lake: 10, yaani wati 100, na sehemu kubwa hapo anakula chogo, siyo mashine. Leo nina seti mbili za kila aina, jumla wati 450. Zikiwaka zote kwa saa nane ni uniti 3.6.

Sasa bei. Mimi niko kwenye matumizi ya kawaida: shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati) asilimia 1, inafika 356. Ya kwako isome kwenye risiti ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, usikubali ya kuambiwa. Uniti 3.6 mara 356 ni kama shilingi 1,280 kwa siku nzima. Saa moja ya PS3 inakula umeme wa shilingi 45, na mimi naiuza buku, yaani elfu moja. Kwa hiyo washa taa, mama.

Kuna mtego mmoja tu. Kama nyumbani kwako uko kwenye lile daraja la matumizi madogo, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, usivute waya wa banda kutoka kwenye mita ya nyumbani. Mdogo wangu alifanya hivyo. Banda likaibeba nyumba nzima kuipeleka kwenye bei kubwa, tukawa tunapasi nguo kwa bei ya biashara. Banda liwe na mita yake.

Dakika zinazoyeyuka

Hapa ndipo hela ilipo, kwa hiyo nivumilie.

Kwangu PS3 ni buku kwa saa, PS2 ni jero, mia tano. Seti nne zikijaa kwa muda wa saa nane ilitakiwa nipate 24,000. Nilikuwa napata 9,000, na banda limejaa! Nikawa najiuliza ni nani anaiba. Siku moja nikakaa na daftari nyuma ya benchi, sikusema kitu, nikaandika kila dakika inakwenda wapi.

Kuna kijana mmoja, tumwite Fundi, anaichezea Mbeya City, timu yetu ya mpira. Kwenye gemu Mbeya City haimo. Amechukua timu nyingine akaigeuza mwenyewe, jezi akaipaka zambarau, majina ya wachezaji akayaandika herufi moja moja kwa pedi. Kazi ya mapenzi. Sasa huyu kabla ya mechi lazima apange kikosi. Anamtoa huyu, anamrudisha yule, anaangalia viatu. Siku hiyo nilimpima: dakika nne na sekunde ishirini hajagusa mpira. Akifunga goli anataka kulirudia kwa pembe zote. Mpinzani wake naye akifungwa anasimamisha mchezo aende kukojoa. Mechi waliyolipia 200 ilikula dakika 19. Kwa mwendo huo seti ya buku ilikuwa inaniingizia mia sita kwa saa.

Nilichofanya: kwanza, anayecheza kwa mechi hapangi kikosi kwenye kiti changu zaidi ya dakika moja. Nina saa ya ukutani, kubwa, ya kwenye mnada, na kila mtu anaiona. Anayetaka kupanga kikosi alipie kwa saa, apange mpaka Pasaka. Pili, marudio ya goli yanarukwa, isipokuwa la dakika ya mwisho. Hilo hata mimi naliangalia. Tatu, niliingia kwenye mipangilio ya gemu nikapunguza urefu wa mechi mpaka mechi nzima, pamoja na mapumziko na mbwembwe, ikawa inaisha kwa dakika 11 au 12. Mechi tano kwa saa, mia mbili mbili, nikawa nimeikuta buku yangu.

Walilalamika siku tatu. Ya nne walizoea. Wastani wangu ukapanda mpaka 14,000 kwa siku bila kuongeza hata mashine moja.

Umeme ukikatika je? Andika sheria ukutani kabla haujakatika. Nilijifunza siku mechi ilipozimika dakika ya 88, mabao mawili kwa moja, nikawa hakimu, mwenyekiti wa mtaa na polisi kwa mkupuo. Siku hizi iko kwa chaki: ukikatika kabla ya mapumziko, mechi inarudiwa bure, baada ya mapumziko, matokeo yanabaki kama yalivyo. Wa saa, dakika zake zilizobaki naziandika kwenye daftari na anaweza kuzitumia hata wiki ijayo. Hili la mwisho usilidharau. Mtoto mwenye dakika 23 kwenye daftari lako haendi banda la jirani.

Halafu ukikatika, chomoa. Usisubiri. Umeme wetu ukirudi unarudi na hasira, na anayeupokea kwanza ndiye anayeungua. Nina frijigadi, kifaa cha kulinda vyombo na umeme mbaya, moja kwa seti mbili. Inakaa dakika chache ikiupima umeme kabla ya kuuruhusu, na hizo dakika chache sijawahi kuzionea uchungu.

Kununua mashine ya mtumba

PS2 ilitoka mwaka 2000 na Sony waliacha kuitengeneza 2013. PS3 ilitoka 2006, nayo ikakoma 2017. Kwa hiyo chochote utakachouziwa leo kimeshaishi kwa mtu, hata kama boksi linang'aa. Siyo vibaya. PS2 ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na ndiyo maana mpaka leo fundi hakosi maiti za kutolea vipuri.

PS3 yangu ya kwanza niliuziwa na muuzaji mmoja mjini. Aliiwasha, picha ikaja, muziki ukaja, nikatoa hela. Ilicheza dakika 25 nyumbani ikazima na taa ya njano. Nilipoirudisha aliniambia nimeiweka kwenye baridi. Kwenye baridi! Mbeya!

Sasa nakwenda na pedi yangu, na mtoto mmoja anayejua kucheza, na namlipa soda. Anacheza dakika 40 bila kupumzika. Mimi naweka kiganja nyuma kwenye matundu ya hewa: hewa inatakiwa itoke ya moto na itoke kwa nguvu. Ikitoka ya moto lakini kidogo, ndani kuna vumbi. Isipotoka kabisa na feni inapiga kelele kama lori linalopanda mlima Kitonga, mshukuru muuzaji uondoke. Chagua nyembamba, siyo zile nene za mwanzo. Nene zinakula umeme mwingi zaidi na ndizo zilizokuwa zikifa sana kwa joto.

Na hapa kwetu joto lina hila yake. Watu wanadhani Mbeya kwa sababu ni baridi, mashine haichemki. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, ndiyo maana maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 na maharage yanakumalizia mkaa. Feni ya mashine inazunguka kasi ileile, lakini inachosukuma ni haba. Ukiitumbukiza mashine kwenye kabati ili isiibiwe, unaipika. Yangu iko kwenye rafu ya waya, nyuma nimeacha upana wa kiganja, na nondo nimeweka dirishani badala ya kuifungia mashine.

Baridi nayo ina kesi yake, lakini ni ya unyevu. Juni na Julai asubuhi banda ni jokofu. Wanaingia watoto kumi, wanapumua, wananukia sweta mbichi, na ndani ya robo saa vioo vya televisheni vina ukungu. Ukungu huohuo unakaa kwenye lenzi ya mashine, CD inaanza "haisomeki", mtu anaanza kuisugua kwa shati. Usisugue. Washa mashine bila CD nusu saa kabla ya kufungua, ijipashe yenyewe. Mimi nawasha, naenda kunywa chai, narudi.

Radi sitasema mengi. Kuanzia Novemba mpaka mvua zikatike, ikinguruma naondoa plagi zote ukutani, na waya wa antena pia. Watoto wakinung'unika nawaonyesha chogo lililopasuka ambalo nimelifanya stuli.

Pedi ndiyo inayokula faida

Nilikwambia nilidhani umeme. Mwizi alikuwa pedi.

Pedi feki ya PS3 nanunua 15,000, inadumu wiki sita kwa watoto wangu. Ya asili iliyotumika nanunua 35,000, inafika miezi minane. Gawanya: feki ni 2,500 kwa wiki, ya asili ni 1,000. Ilinichukua mwaka mzima kuifanya hii hesabu, kwa sababu 15,000 ndiyo iliyokuwa mfukoni kila mara.

Jifunze kuifungua mwenyewe. Bisibisi ndogo ya msalaba, sahani nyeupe ya kuwekea skrubu, na usifanyie kazi hiyo kitandani. Malalamiko mawili ndiyo utakayoyasikia. La kwanza: "Mama, mchezaji anatembea mwenyewe." Hiyo ni analogi. Chini ya kile kijiti kuna njia ndogo za kaboni na kidole cha chuma kinachozikwangua kila ukisukuma. Zikilika, pedi haijui tena katikati ni wapi. Ukiwahi, spiriti kidogo kwa pamba ya masikio inaondoa uchafu na inakupa mwezi. Ikirudia, fundi abandue analogi ya pedi iliyokufa aihamishe.

La pili: pedi ya asili ya PS3 inajibonyeza yenyewe, menyu inaruka kama ina mapepo. Mtu atakwambia imekufa. Haijafa. Ndani kuna karatasi ya plastiki yenye mistari ya umeme, na inabanwa kwenye sakiti na kipande cha sponji. Sponji likichoka, mgusano unalegea. Kunja karatasi ngumu kidogo, ya boksi la dawa ya meno inafaa, iweke pale kwenye sponji, funga. Nimefufua pedi tano hivi. Mama mmoja wa Uyole nilimfanyia ya mwanawe, akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akaniletea ndizi mkungu mzima. Nilimtoza bure kumbe nimelipwa zaidi.

Hela yenyewe

Nina kopo, daftari na laini ya simu ya banda peke yake. Laini ya banda siitumii kupigia mtu. Jioni nahesabu kopo, naandika, asubuhi naweka kwenye laini, na LUKU nalipia humohumo bila kutoa. Kila ukitoa kidogokidogo makato yanakung'ata.

Kutoka kwenye zile 14,000 naondoa kwanza ambazo siyo zangu. Kodi ya fremu, 50,000 kwa mwezi, ni kama 1,700 kwa siku. Umeme 1,300. Pedi 800. Na 1,500 naiita ya msiba: mashine zote hizi zitakufa, na siku ya kufa sitaki kukopa. Nilipiga hivi: PS3 ya 280,000 nikiipa maisha ya miaka miwili ni kama 400 kwa siku, nikajumlisha na wenzake. Inabaki 8,700. Ninajilipa 5,000, sawasawa na ambavyo ningemlipa mtu, na hiyo ndiyo ya unga na sabuni. Ikiisha saa nne asubuhi, imeisha. Kopo siligusi.

Kwenye kinachobaki natoa ya mchezo, ule wa kina mama. Tuko kumi, 5,000 kwa wiki, kila wiki mmoja anabeba 50,000. Mume wa mwenzetu mmoja hutucheka: mchezo unalipia michezo. Ushauri wangu kwenye kupanga zamu: usigombee ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Mimi naomba mwisho wa Novemba. Shule zikifungwa Desemba banda linafurika, na ninataka kiti cha nyongeza na pedi mbili viwe tayari, siyo nikavinunue Januari wakati watoto wamerudi shule na mifuko imekauka.

Daftari hilohilo ndilo ninaloenda nalo TRA, kwa watu wa kodi. Mwenye kumbukumbu za mauzo hesabu yake hufanywa tofauti na asiye nazo, na anayekadiriwa kwa macho, banda likiwa limejaa watoto, ataonekana tajiri.

Watoto na wazazi wao

Sifungui kabla ya saa nane mchana siku za shule, na mwenye sare haingii hata kama ni mwanangu. Nilimwambia hivyo mwenyekiti wa mtaa kabla hajaniuliza, na imenisaidia.

Ukirithi banda utakuta desturi ya "anayefungwa ndiye analipa". Niliifuta. Ilianza na mia mbili, ikafika elfu mbili, halafu nikaona vijana wazima wanasimama nyuma ya benchi wakiweka hela juu ya watoto wa darasa la tano. Hiyo ni kamari, na sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18. Kila mmoja anatoa mia yake kabla ya mechi, mezani, mbele yangu. Nilipoteza wateja saba au wanane. Nikapata mama zao, ambao sasa wanapita kusema, "Dada, huyu nakuachia mpaka saa kumi na mbili, nakwenda sokoni Mwanjelwa," na kunilipa kabisa saa mbili kwa mkupuo.

Kufunga ni saa mbili usiku. Nachomoa plagi moja moja, nafunika televisheni kwa khanga kuukuu kwa ajili ya vumbi, narudisha saa ya ukutani dakika tatu nyuma kwa sababu inakimbia. Mashine zinabaki na nondo zake. Pedi zote nane silazi bandani, nazitia kwenye ndoo ya lita kumi yenye mfuniko na naenda nazo nyumbani. Wakiniona nimeishika ile ndoo, hata Fundi haombi tena mechi ya mwisho.